Duka Liko Wazi Leo

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutusindikiza, familia imeomba maisha ya mpendwa wetu yasomwe mbele yenu, na kabla hatujafika hata siku aliyozaliwa, tuliondoe kwanza jambo linalonong'onwa chini ya turubai hili tangu asubuhi, kwamba mmepita barabara kuu mkaona duka lake la dawa liko wazi, taa inawaka, mtu yuko kaunta, mkaanza kuulizana hii ni familia ya namna gani, inamzika mwenye duka huku duka linahudumia. Mmeona sawasawa. Liko wazi, halikusahaulika, wala hakuna aliyeingiwa na tamaa, na sababu yake ndiyo historia yenyewe, kwa hiyo aliyekuja na hasira akae nayo kidogo, kwani marehemu mwenyewe hakuwahi kumpa mtu dawa kabla hajakaa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1963, mtoto wa tatu kati ya wanne, baba yake akiwa mpishi wa hospitali ya serikali na mama yake mfuaji wa mashuka ya hospitali hiyo hiyo, katika nyumba za wafanyakazi zilizokuwa nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, nyumba ambayo dirisha lake la pekee lilitazama foleni. Foleni hiyo ndiyo picha ya kwanza aliyoikumbuka duniani, watu wamejipanga tangu alfajiri, mwenye mguu ulioanza kuoza na mwenye mafua mstari mmoja, mama mjamzito na kijana aliyeumwa na nyigu mstari mmoja, na akiwa bado hajaanza shule alimuuliza baba yake kwa nini mtu wa mafua asipewe cha mafua akaenda zake, akampisha yule wa mguu. Baba yake, mtu mpole ambaye hakutaka ugomvi na mwajiri, akamjibu, "Ndio utaratibu, mwanangu," na jibu hilo halikumtoka tena, maana maisha yake yote alilitamka neno utaratibu kama mtu anayetema mbegu ya limau. Kaka yake mkubwa, ambaye sisi watoto tunamwita Mjomba na ambaye mnamwona amekaa mstari wa mbele, alimpa siku ile ile jina la Mama Kwa Nini, na tangu hapo ndugu hao wawili walipendana kwa kubishana, hakuna jambo walilokubaliana bila kwanza mmoja kutoka nje na kurudi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza mwaka 1976, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni ya wasichana, alikomaliza mwaka 1980 kwa alama nzuri na sifa mbaya ya udadisi. Matroni wa bweni alikuwa na kabati lenye kopo moja la vidonge vyeupe, ukiumwa kichwa unapewa hicho, ukiumwa tumbo unapewa hicho, ukimlilia mama yako unapewa hicho, na wasichana walikibatiza jina la Yote. Marehemu alipopewa Yote kwa mara ya kwanza aliuliza, "Samahani Matroni, hii ni ya kichwa au ya tumbo?" na Matroni akamjibu, "Ni ya kumeza." Mwaka 1982 aliingia chuo cha afya kusomea ufamasia, akahitimu stashahada tarehe 29 Novemba 1985, na baadaye, akiwa kazini na mama wa watoto, akasoma shahada aliyoipata mwaka 1994, na ile stashahada ya kwanza ikampa kazi, jambo ambalo tunalitaja hapa kwa heshima kwa sababu vijana waliopo wanaweza kudhani tunatunga.

Aliajiriwa Januari 1986 katika hospitali ile ile aliyozaliwa nyuma yake, kwenye dirisha la dawa, na kwa wale ambao hawakuliona, lile lilikuwa dirisha lenye kioo kilichopakwa rangi nyeupe na tundu dogo chini ambalo mkono wa mtu mnene ulipita kwa shida, kiasi kwamba kwa miaka mingi alihudumia mikono bila kuziona nyuso. Alisema alijifunza kuusoma mkono, mkono unaotetemeka, mkono wenye homa, mkono wa mtoto aliyetumwa, na kila jioni alirudi nyumbani akiwaza ni mingapi kati ya mikono ile ilibeba dawa isiyo yake, kwa sababu hakuna aliyeuliza na hakuna aliyeulizwa.

Ni kwenye tundu hilo ndipo alipompata mume. Siku moja ya mwaka 1987 ulipenya mkono wenye vumbi la mbao, kidole cha shahada kimefungwa kitambaa kilicholowa damu, na kwenye kiganja kuna cheti cha dawa ya kutuliza maumivu, na marehemu akauambia ule mkono, "Wewe hujaja kuchukua dawa, umekuja kushonwa, mwenyewe yuko wapi?" kisha akafanya kitu ambacho utaratibu ulikikataza, akatoka mlango wa nyuma kwenda kumtazama mwenye mkono. Mwenye mkono alikuwa fundi seremala, ndiye mzee wetu huyu, na mpaka leo ukimuuliza alimpendea nini mkewe anakuonyesha kovu la kidole. Walifunga ndoa tarehe 17 Septemba 1988, na zawadi ya kwanza aliyomtengenezea si kitanda wala kabati, ni stuli ya mbao, fupi, pana, yenye miguu iliyotanuka ili asianguke mtu aliyeikalia akiwa na kizunguzungu. Alipomuuliza stuli ni ya nini, mzee wetu alimwambia, "Unalalamika kila siku kwamba watu wako wanasimama, haya, wakalishe."

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1990, ambaye ni dereva wa magari makubwa na amesafiri usiku na mchana kufika hapa, na wa kike aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye ni mwalimu. Mwaka 2003, mdogo wake marehemu alipofariki, aliongeza wa tatu ambaye hakumzaa, mpwa wake, ndiye anayewasomea, na hakuna siku katika nyumba ile mtoto huyo alihesabiwa kwa kijiko tofauti. Mpwa huyo alipomaliza chuo kikuu, akatembeza CV katika kila jengo lenye lifti, akaombwa experience na watu ambao wao wenyewe waliajiriwa bila experience, akaambiwa we will get back to you mpaka akaikariri sentensi hiyo kama wimbo wa shule, mama yake mkubwa hakumwambia hata mara moja avumilie. Alimwambia, "Hao ni wajinga, lakini chakula kiko jikoni." Kuna watu wamepewa hotuba ndefu zaidi na hawakushiba.

Tarehe 2 Machi 1998 aliacha kazi ya dirisha, akafungua duka lake la dawa, chumba kimoja na stoo, kati ya fundi cherehani na duka la vifaa vya umeme, na kitu cha kwanza alichokiingiza kabla ya rafu ni stuli ile, akaiweka upande wa wateja. Hapo ndipo alipopata jina mlilomjua nalo, Kaa Kwanza. Ungeingia unahema, umeegesha gari barabarani vibaya, unataka tu panadol, anakwambia kaa kwanza. Ungekuja na suti na haraka zako, kaa kwanza. Na ukishakaa, maswali yalikuwa matatu, siku zote hayo hayo, ni ya nani, imeanza lini, umeshameza nini, na ukijibu la tatu kwa kusitasita alikuwa anavua miwani na kusubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kama kuhojiwa na mama mkwe.

Swali la kwanza ndilo lililowapa watu wa mtaa huu kazi, kwani tuseme ukweli mbele ya jeneza lake, hakuna mtu aliyewahi kuingia mle akakiri kwamba mwasho ni wake. Ni wa shemeji. Mkojo unaochoma, wa shemeji. Kile kidonda mahali pasipotajika, shemeji tena, masikini, na marehemu alikuwa akisema mashemeji wa eneo hili ndio wagonjwa kuliko wote ulimwenguni na sijui wanapata wapi nguvu za kuoana. Lakini hakumcheka mtu usoni. Alikuwa anainama anasema kwa upole kabisa, "Basi mwambie shemeji asijikune, anywe maji mengi, na hii amalize yote hata akipona katikati, na wewe shemeji yake uhakikishe," na mtu anatoka pale ametibiwa na heshima yake ikiwa mfukoni.

Tatizo, na hapa tunafika kwenye jambo lililochukua nusu ya maisha yake, ni kwamba hakuruhusiwa. Sheria ya wakati ule ilimpa mfamasia ruhusa ya kuuza na kushauri, kutibu hapana, kwa hiyo mama akija na mtoto anayelia kwa sikio, marehemu akaliangalia, akajua ni nini, akajua dawa iko rafu ya pili, alipaswa kumwambia nenda kapange foleni hospitali uandikiwe cheti, urudi. Mama anayeuza mboga hapangi foleni siku nzima, siku hiyo watakula nini? Alikuwa anakwenda kwa wale wanaotembeza vidonge vya rangi mbili kwenye sinia sokoni, ananunua viwili, vya kumnyamazisha mtoto, na baada ya wiki mtoto anarudishwa kwa marehemu akiwa hasikii upande mmoja. Mtoto mmoja kati ya hao hakusikia tena. Marehemu hakulitaja jambo hilo ovyo, ila kila alipolitaja alilitaja kwa kusema "mtoto yule", na sote tulijua ni yupi.

Kwa hiyo mwaka 2011 alianza kuiomba ofisi inayohusika imruhusu mfamasia kutibu magonjwa madogo yanayojulikana, koo, masikio, mafua yaliyopanda kwenye paji, mkojo unaochoma kwa wanawake, vipele vya usaha vya watoto, kuumwa na wadudu, na mkanda wa jeshi ukiwahiwa, haya tu, na lolote lisilo kati ya haya lipelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Alimwambia mpwa wake, "Hiyo degree yako imekaa bure sebuleni, itumie kuniandikia ombi kwa Kiingereza chao," na mpwa akaandika kwa hasira zake zote, ombi likaenda, likajibiwa kwamba liko pending, likaandikwa tena, likawa under review, likaandikwa tena, mhusika akawa safarini, mhusika akahamishwa, mhusika mpya akaomba alitafute la mwanzo. Kama utaratibu ungekuwa mtu, marehemu angemkalisha kwenye stuli na kumuuliza umeanza lini.

Mwaka 2016 uliitishwa mkutano, na daktari mkuu wa hospitali akasimama kupinga, na kwa kuwa yupo hapa nasi, tumemwomba ruhusa na ameturuhusu tuyaseme. Alisema, "Mama, sina shaka na wewe, nina shaka na maumivu ya tumbo, mtu atakuja kwako na kiungulia, utampa cha kiungulia, atapata nafuu, atarudi, utampa tena, na siku atakayofika kwangu nitakuwa sina la kumfanyia." Ukumbi ulipiga makofi, baadhi yetu tulitaka kumrushia viti, lakini marehemu hakujibu kwa hasira. Alisema, "Daktari ana haki, hilo linaua, basi tuliwekee uzio," na pale pale wakakubaliana kanuni ambayo wote mnaijua kwa sababu ilibandikwa mlangoni kwa herufi kubwa, MARA YA TATU NI KWA DAKTARI, kwamba mtu akirudia dawa ile ile kwa tatizo lile lile, safari ya tatu hauziwi, anaandikiwa rufaa na anapelekwa. Daktari yule alitoka ukumbini akiwa ndiye aliyetia saini ya kwanza kuunga mkono.

Kibali kilitoka tarehe 18 Februari 2019, cha majaribio, kikiwa kwa jina lake yeye mwenyewe, siyo la duka. Mzee wetu aliigeuza stoo kuwa chumba cha matibabu, akaweka mlango unaofungwa ili mashemeji wapate faragha, na wiki hiyo hiyo marehemu akamwajiri mfamasia kijana aliyekuwa ametoka chuoni na kuzunguka kama wengine tunaowajua, binti ambaye mtaa ulimwita Mrithi kwa kumtania, na ambaye marehemu alimfundisha kila alichokijua, pamoja na namna ya kuvua miwani, ingawa binti hana miwani.

Hatutasema alikuwa malaika. Wengi mliopo hapa mliwahi kumnunia kwa sababu mlitaka antibiotiki za mafua akawanyima, mkamwambia duka gani hili halitaki kuuza, akawaambia mafua yenu hayazijui hizo dawa, rudini nyumbani mkanywe kitu cha moto mlale. Lakini kinyozi wetu, aliyesimama pale nyuma, aliingia siku moja akitaka cha kiungulia, cha kwanza kabisa, si cha tatu, marehemu akamkalisha, akaona jasho lisilolingana na hali ya hewa, akamuuliza mkono wa kushoto ukoje, na kabla kinyozi hajamaliza kusema ni wa shemeji alikuwa ameshapakiwa kwenye gari la fundi umeme wa duka jirani kwenda hospitali. Ulikuwa moyo. Kinyozi yuko hai, na amekataa malipo ya kuwanyoa vijana wetu kwa msiba huu.

Sasa tufike kwenye ugonjwa, na hapa tunaomba utulivu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 tumbo lilianza kumsumbua. Yeye aliyemkalisha kila mtu hakuwa na wa kumkalisha, alikuwa upande wa ndani wa kaunta, na dawa ya kiungulia iko pale mkono unapofika bila kunyanyuka. Alimeza, akapata nafuu, akameza tena. Kanuni aliyoibandika mlangoni ilitazama nje, kwa wateja, na kila siku aliupita mlango huo kwa mgongo. Sisi nyumbani tuliona anapungua, tukaambiwa ni kazi nyingi, tukakubali, kwa sababu nani alikuwa wa kumbishia Kaa Kwanza habari za dawa?

Aliyembishia ni Mrithi. Tarehe 21 Agosti, alipokuta kwenye koti jeupe la marehemu karatasi za vidonge vilivyoisha, binti yule alifunga mlango wa mbele, akaichukua stuli, akaizungusha kaunta na kuiweka upande wa ndani, akasema, "Mama, kaa kwanza." Marehemu alicheka, akakataa, binti hakusogea, basi akakaa. Mrithi akauliza, "Ni ya nani?" na marehemu, tunajua haya kwa sababu alituhadithia mwenyewe akicheka machozi yanamtoka, akajibu, "Ni ya shemeji yangu."

Binti hakucheka. Alisema, "Sawa, shemeji yako imemwanza lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Ameshameza nini?"

Hapo Mrithi akasubiri jibu kwa namna aliyofundishwa na marehemu mwenyewe, kisha akasema polepole, "Shemeji yako mara ya tatu aliipita zamani, Mama, umwandikie wewe rufaa au nimwandikie mimi?" na marehemu akasema, "Andika wewe, mimi mkono umekufa ganzi."

Hospitali alipokelewa na daktari yule yule wa mkutano, aliyempima mwenyewe, na majibu yalipotoka kwamba ni saratani ya tumbo na imeshasambaa, daktari hakusema "nilikwambia", neno ambalo mtu mwingine angelisema, alivuta kiti akakaa karibu naye, na wa kwanza kuongea alikuwa mgonjwa, akamwambia, "Uzio wako ulikuwa mzuri, Daktari, ni mimi niliyekuwa ndani ya uzio." Kuanzia siku hiyo daktari alimhudumia kama ndugu, alimpunguzia maumivu, alimpa ukweli alipoutaka ukweli, na alikuja nyumbani siku ambazo hakuwa na wajibu wa kuja.

Lakini marehemu hakuogopa kufa kwa namna tuliyoitegemea. Aliogopa jambo moja. Kibali kilikuwa kwa jina lake, na jina lake likisomwa mahali kama hapa leo, chumba kinafungwa, na mama wa mboga anarudi kwenye sinia sokoni. Akamsajili Mrithi kwenye mafunzo yanayotakiwa, akamsikiliza masomo akiwa amelala kitandani, koo, sikio, mkanda wa jeshi, mpaka sisi tunaopita na chai tukawa tunaweza kujibu, na Mrithi akafanya mtihani Machi 2024, akafaulu vizuri sana. Kilichobaki kilikuwa ofisi kubadilisha jina, kazi ya kalamu moja, na ofisi ikasema iko pending.

Mpwa wake akaenda kukaa kwenye korido ya ofisi hiyo. Mtu mwenye kazi huambiwa arudi kesho akarudi kazini, mtu asiye na kazi ana muda, na muda ndio silaha ambayo ofisi haijajifunza kuikwepa. Aliambiwa procedure hairuhusu, akasema atasubiri procedure ibadilike, aliambiwa system iko chini, akasema na yeye yuko chini, watakaa wote, na watu wa usafi wakazoea kufagia kumzunguka. Tunamshukuru kwa dhati afisa mmoja wa kike, ambaye siku moja alisimama mbele yake akauliza kwani mgonjwa ni nani, akaambiwa, akakaa kwenye benchi lile lile, akauliza imeanza lini, na kisha akaingia ndani akafanya ile kazi ya kalamu moja. Kibali kwa jina la Mrithi kilitoka tarehe 3 Juni 2024, marehemu akawekewa mkononi, akakisoma bila miwani kwa kukisogeza mbali na macho, akasema, "Kakibandikeni."

Tarehe 8 Juni aliwaita mzee wetu na Mjomba, akawaambia, "Siku mtakayonizika msifunge, siku hiyo mtoto wa mtu ataumwa sikio." Alitutoka tarehe 11 Juni 2024 saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, kidole kikiwa juu ya lile kovu.

Jana asubuhi palitokea ubishi kwenye uwanja huu, na kwa kuwa mliusikia mpaka barabarani hatuna haja ya kuuficha. Mjomba alisema haiwezekani, hata muuza mkaa anafunga kwa msiba, dada yake hatazikwa kama vile hakuna kilichotokea, watu watasema tumemzika huku tunauza, na akazitia funguo za duka mfukoni. Mrithi alikuwa analia, mzee wetu hakuwa na nguvu ya kubishana na shemeji yake, na mpwa alikuwa anatoa maneno ambayo hayasomwi mbele ya watu wazima. Wakati huo huo akaingia getini mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, mtoto mgongoni amejishika sikio analia, akasimama pembeni kwa aibu, akasema, "Poleni sana kwa msiba, samahani, nimekuta duka limefungwa, nilikuwa naulizia tu." Kisha akageuka aondoke.

Mjomba alimwangalia yule mtoto. Halafu mtu huyu ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kukubaliana na dada yake bila kutoka nje na kurudi, alitoka nje, akasimama barabarani, akarudi, akamwekea Mrithi funguo mkononi na kumwambia, "Nenda kafungue, binti, huyu hawezi kungoja utaratibu." Ndiyo sababu duka liko wazi leo, na ndiyo sababu mtu aliyempenda marehemu kama mama yake mzazi hamumwoni kati yenu saa hii, msimhesabie ubaya, yuko kwenye msiba huu kuliko wengi wetu.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi wote wa wodi, walioosha, waliogeuza, waliojibu kengele kabla haijamaliza kulia. Tunawashukuru wafamasia wenzake waliokuja kutoka maduka mengine, na tumesikia kwamba wanne kati yenu mmeomba kibali kama chake, ofisi ikiwasumbua, mpwa wake bado hana kazi na korido anaijua. Tunawashukuru fundi cherehani, fundi umeme na kinyozi, tunawashukuru majirani mliopika, mliochota maji, mlioazima viti, na tunawashukuru mashemeji wote, mliopo na wa kubuni tu, mliompa sababu ya kucheka kila siku ya kazi yake.

Mama mkubwa, stuli yako tulitaka kuileta hapa tuiweke kando ya jeneza, tumeshindwa, iko dukani, kuna mtu ameikalia. Ulitukalisha wote na wewe ukabaki umesimama. Kaa sasa. Pumzika, na amani iwe yako, hatutakuuliza ni ya nani.